Jukiboksi ya mbao ya kujijengea nyumbani: mwongozo kamili kutoka Lubumbashi

Kabla hujanunua hata skrubu moja, tafuta pipa. Pipa tupu la chuma la lita 200, lile la mafuta ambalo hapa Lubumbashi halikosi nyuma ya karakana yoyote. Kipenyo chake ni sentimita 57 hadi 58, na jukiboksi (sanduku la muziki ambalo unachagua wimbo kwa vibonye) tutakayojenga ina upana wa sentimita 60. Vipimo hivyo havikukutana kwa bahati. Niliuchagua upana nikilifuata pipa, baada ya kuharibu tripleksi (plaiwudi) mbili nikijaribu kukunja upinde kwa mikono na magoti.

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu jukiboksi huanza na umeme: kadi gani, amplifaya gani, taa za rangi gani. Huko ni kuanza nyuma. Umeme wa jukiboksi ni kazi ya siku mbili na ukikosea unabadilisha waya. Sanduku ni kazi ya majuma, na ukikosea upinde, hakuna taa itakayouficha. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye mbao.

Mashine yenyewe ina umri kuushinda mji wetu, ulioanzishwa 1910. Mwezi Novemba 1889 Louis Glass aliweka katika baa moja ya San Francisco fonografu ya kutumbukiza sarafu. Watu walisikiliza kwa mirija masikioni, na wimbo ulikuwa mmoja tu, huna la kuchagua. Umbo tunaloliiga, lenye kichwa cha mviringo na nguzo zinazong'aa pembeni, ni la Wurlitzer 1015 ya mwaka 1946, kazi ya mchoraji Paul Fuller. Miaka miwili baadaye Seeburg walitoa mashine ya nyimbo 100, na kufikia 1950 wakahamia sahani ndogo za mizunguko 45. Ila ile 1015 yenyewe, maarufu kuliko zote, ilikuwa na nyimbo 24 basi. Likumbuke hilo utakapotaka kupakia nyimbo elfu nne. Yetu itakuwa na 40.

Vipimo, na kwa nini ni hivyo

Urefu sentimita 120, upana 60, kina 40. Pande zinapanda wima hadi sentimita 90, kisha nusu duara yenye nusu kipenyo cha 30 inafunga juu. Ndani kuna sakafu tatu. Ya chini kabisa, sentimita 2 kutoka ardhini, inabeba betri. Ya pili iko sentimita 18, na juu yake ni chumba cha bafle (spika, kwa wasomaji wa nje ya Kongo). Ya tatu iko sentimita 62, na juu yake kuna vibonye, kadi za majina ya nyimbo na ubongo wa mashine. Chumba cha bafle kinabaki na karibu lita 90 za hewa, zinazotosha bafle mbili za gari za sentimita 16.

Tripleksi moja ya milimita 18, yenye kipimo cha kawaida cha sentimita 122 kwa 244, inatosha kiunzi chote ukiipanga vizuri. Nusu ya kwanza inatoa uso na mgongo, kila kimoja 60 kwa 120. Nusu ya pili inatoa sakafu tatu za 60 kwa 36.4 zikisimama juu ya nyingine, na pembeni yake unapata upinde wa kati, umbo la kiatu cha farasi lenye unene wa sentimita 8. Chora kila kitu kwa penseli kabla msumeno haujagusa. Ile 36.4 ni kina cha 40 ukitoa unene wa uso na mgongo, 1.8 mara mbili. Usiandike 36 ukidhani nusu sentimita haina neno.

Utahitaji pia tripleksi moja ya milimita 3 kwa ajili ya upinde, kipande cha milimita 9 kwa ajili ya mbavu (kuta za pembeni), na vijiti vya mbao ngumu kwa mapambo. Kwa vijiti natumia mulombwa, ule ambao jirani zetu wa Tanzania wanauita mninga. Haupindi hovyo ukikauka, unakubali randa, na rangi yake ya asali nyeusi haihitaji kusaidiwa. Vumbi lake linawasha pua na ngozi, basi funga kitambaa usoni unapopiga msasa. Mukula ni mwekundu zaidi na utaupewa zokoni (sokoni) kwa maneno matamu. Uache. Misitu yetu imeshakatwa kwa ajili yake kiasi cha kutosha.

Mbao za mulombwa ziingize ndani ya nyumba majuma matatu au manne kabla ya kazi, hasa ukizinunua wakati wa mvua. Lubumbashi hewa ya Januari na hewa ya Agosti ni kama miji miwili tofauti; kijiti kilichobana vizuri mwezi wa pili kitaacha ufa wa kuingiza kucha mwezi wa nane.

Uso na mgongo

Tengeneza kiolezo cha katoni kwanza: nusu tu ya umbo, kutoka mstari wa katikati hadi ukingoni. Ukikipindua kuchora nusu ya pili, pande zote mbili zitafanana hata kama mkono wako uliteleza. Duara lichore kwa kamba na misumari miwili, msumari wa katikati ukiwa sentimita 90 kutoka chini.

Kata nje kidogo ya mstari, kisha ufunge uso na mgongo pamoja kwa jiliwa na uzisawazishe kwa msasa kama kipande kimoja. Hapa usiwe na haraka. Nundu ya milimita mbili kwenye ukingo huu itaonekana kwenye upinde kama kidonda chini ya shati.

Sasa tundu za uso. Sentimita 4 kutoka ukingoni, chora njia ya taa yenye upana wa sentimita 5, ikianza kimo cha sentimita 20, ikipanda, ikizunguka juu na kushuka upande wa pili. Usiikate yote kwa mkupuo mmoja, la sivyo katikati ya uso itadondoka mapajani mwako. Acha madaraja ya sentimita 4: moja kileleni, moja katika kila bega pale upinde unapoanza, na moja katikati ya kila nguzo. Kati ya njia hizo unabaki na sentimita 42. Humo toboa matundu mawili ya bafle, vitovu vyake vikiwa kimo cha sentimita 38; kipenyo cha tundu kipime kwenye bafle uliyonayo mkononi, maana "sentimita 16" za zokoni hazilingani. Kuanzia 64 hadi 70 kuna mstari wa vibonye. Kuanzia 72 hadi 95 kuna dirisha la kadi.

Mgongoni, kata mlango juu ya kimo cha 62 tu, 40 kwa 45, na mwingine mdogo chini kwa betri. Chumba cha bafle kibaki kimefungwa kabisa. Bafle zinaingia kwa mbele, na zikiharibika zinatolewa kwa mbele.

Unganisha uso, sakafu tatu na mgongo kwa gundi nyeupe ya mbao na skrubu za sentimita 4, ukianza kutoboa njia ya skrubu kwa keekee. Upinde wa kati unakaa katikati ya kina, umeshikwa na vijiti viwili vinavyotoka uso hadi mgongo kwenye kimo cha 77. Vijiti hivyo viwe vipana, sentimita 4 angalau, kwa sababu maungio ya ngozi, yaani tripleksi nyembamba inayofunika upinde kwa nje, yatatua juu yake.

Na angalia thamometa. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na gundi nyeupe kwenye baridi hiyo haishiki, inakauka kama chokaa. Wa pwani hawatanielewa. Wakati wa baridi mimi hugundisha saa nne asubuhi jua likishapanda, na chupa ya gundi hulala ndani.

Upinde

Hapa ndipo tripleksi zangu mbili zilipokufa, kwa kosa lile lile. Ngozi inayofunika nusu duara ina urefu wa karibu sentimita 96, basi nilichukua tripleksi, nikakata ukanda mrefu kwa kufuata urefu wa sentimita 244, nikaanza kukunja. Ukapasuka katikati kwa mlio wa risasi. Nikalaumu ubao. Nikakata mwingine, nao ukapasuka. Fundi mmoja wa Katuba aliyepita kuchukua randa yake akauchukua mkanda uliopasuka, akaugeuza, akapitisha ukucha juu ya nyuzi, akasema: "Unamkunja samaki kwa kichwa na mkia."

Nyuzi za nje za tripleksi hukimbia kwa urefu wa ubao. Ukikunja kwa kuzifuata, unazivuta hadi zikatike. Zikikaa kinyume, yaani zinalala kutoka uso kwenda mgongo kama nondo juu ya boma, ubao unakunjika bila ugomvi. Kwa hiyo kata mikanda kwa upana wa tripleksi: kila mmoja urefu wa 122 na upana wa 40, na nyuzi zikipita kwenye hizo 40. Ubao mmoja unatoa mikanda sita. Wewe unahitaji mitatu, mingine ni ya makosa.

Mwagia mikanda maji ya moto pande zote mbili, isubiri dakika kumi, uimwagie tena. Kisha ilaze juu ya pipa, mmoja juu ya mwingine, na uifunge kwa mipira ya tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu. Mpira wa tyubu ni jiliwa bora kuliko zote kwa kazi ya mviringo. Unabana sawasawa kila mahali na haugharimu kitu. Acha usiku mzima, na kama ni msimu wa mvua, acha siku mbili. Ukiifungua itatanuka kidogo, kutoka nusu kipenyo cha karibu 29 cha pipa kwenda 30 au 31. Ndicho tunachotaka.

Mikanda ikishakauka kabisa, paka gundi ukingo wa uso, mgongo na upinde wa kati, laza mkanda wa kwanza, pigilia misumari myembamba kuanzia kileleni ukishuka pande zote mbili. Usianzie upande mmoja, utafika mwisho na uvimbe. Mkanda wa pili unagundishwa juu ya wa kwanza, wa tatu juu ya wa pili, na mipira ya tyubu inazunguka sanduku lote. Mikanda ina urefu wa 122, kwa hiyo kila upande inashuka karibu sentimita 13 chini ya bega na kutua juu ya vile vijiti vya kimo cha 77. Mikato ya mwisho isawazishe kwa msumeno mwembamba. Chini yake unafunga mbavu za milimita 9, 77 kwa 40, na kwa kuwa tabaka tatu za milimita 3 nazo ni 9, ngozi inakuwa sawa kutoka juu hadi chini. Mstari wa maungio utafunikwa na kijiti cha mulombwa.

Zoko ikiwa na tripleksi ya milimita 4 peke yake, tumia tabaka mbili, lowesha muda mrefu zaidi, na tofauti ya milimita moja uimalize kwa msasa kwenye mbavu.

Taa za bidoo

Jukiboksi za zamani zilikuwa na plastiki ya rangi iliyomulikwa kwa nyuma. Vioo vya plastiki vya maduka ni ghali, na vingi ni vyeupe vya hospitali. Mimi hutumia bidoo (dumu) la njano la lita 20, lile la mafuta ya kupikia. Kata kuta zake nne, zioshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka mafuta yote yaishe, zilaze chini ya ubao wenye uzito usiku mmoja. Ukiwasha taa nyuma yake, linatoa rangi ya kaharabu ambayo hakuna duka litakuuzia. Mabidoo matatu yanatosha. Plastiki hiyo haishiki gundi ya aina yoyote, usipoteze chupa kujaribu. Ifunge kwa skrubu fupi, na vile vijiti vya mulombwa vije juu kuficha vichwa vyake. Maungio ya vipande yakutane kwenye yale madaraja ya mbao.

Nyuma ya plastiki, sentimita 3 angalau kutoka kwake, pitisha utepe wa taa za LED wa volti 12, ule wa wati 4.8 kwa mita. Ukiukaribisha zaidi utahesabu taa moja moja badala ya kuona nguzo inayong'aa. Njia nzima inakula kama mita 2.1, na dirisha la kadi sentimita 40 zaidi.

Wapo watakaokuuliza kuhusu mirija yenye mapovu. Katika zile za asili, mapovu yalitoka kwenye dawa inayochemka kwa nyuzi 40 hivi, ikipashwa na kihita kidogo. Mvuke wake ni sumu. Usiiige.

Uso wa bafle na shaba

Mbele ya bafle weka kitambaa, na mbele ya kitambaa vijiti. Kikwembe (kitenge) kinafaa kama kimefumwa kwa uwazi. Jaribio ni rahisi: kiweke mdomoni upulize. Ukihisi pumzi yako upande wa pili bila kujikaza, sauti nayo itapita. Kile kizito chenye nta nyingi kifue mara tatu kwanza, au kipeleke kwa fundi cherehani ashone gauni.

Mji huu ni wa shaba, kwa hiyo sioni sababu ya kununua mapambo ya chuma cheupe. Bati jembamba la shaba la nusu milimita linakatwa kwa mkasi wa bati. Mimi nilikata msalaba wa Katanga, umbo lile lile la X lililokuwa fedha ya wazee wetu, nikauweka katikati ya kichwa, juu ya dirisha la kadi. Usugue kwa limau na chumvi, suuza, kausha, paka vanishi haraka kabla haujaanza kufifia. Nunua shaba kwenye karakana inayotoa risiti. Ile ya mtu wa njiani, iliyochunwa kutoka kwenye waya, huenda ndiyo sababu mtaa wako uko gizani.

Vanishi

Msasa namba 120, kisha 180, kisha 240, daima kwa kufuata nyuzi. Tabaka la kwanza la vanishi lichanganye nusu kwa nusu na tapentaini liingie ndani ya mbao. Mawili yanayofuata yapakwe bila kuchanganywa, ukisugua msasa mwepesi kati yake. Adui yako wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu. Mwagia sakafu maji, funga madirisha, paka alfajiri kabla magari hayajaanza kupita.

Umeme

Kanuni yangu ni moja na sitaibishania: volti 220 haziingii ndani ya sanduku la mbao. Jukiboksi yote inaenda kwa volti 12 za betri, na chaja inakaa nje. Hivyo umeme ukikatika, na unajua utakatika, muziki hausimami. Betri iliyozibwa ya 12 V na Ah (ampea-saa) 20, ukitumia nusu yake tu ili idumu, inatoa Ah 10. Taa zinakula karibu ampea 1, muziki wa sauti ya sebuleni nao kiasi hicho hicho, kwa hiyo una karibu saa tano. Weka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, na utoboe matundu ya hewa kwenye chumba chake, kwa sababu betri ikichajiwa inaweza kutoa gesi inayowaka.

Ubongo ni Arduino Uno (kadi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu) na kidude kidogo cha kucheza MP3 kiitwacho DFPlayer Mini. Amplifaya ni ile ndogo yenye chipu ya TPA3116, inayokubali volti 12 moja kwa moja. Kwa Arduino na kicheza nyimbo unahitaji volti 5, na hizo zinatoka kwenye kibadilishaji cha LM2596. Kabla hujaunganisha chochote upande wa kutokea umeme wa kibadilishaji, zungusha skrubu yake huku ukipima kwa mita mpaka isome 5.0. Kikitoka kiwandani huwa kimewekwa popote, na volti 12 zikifika kwenye pini ya 5V ya Arduino, utaijua kwa harufu.

Vibonye vya kuchagua wimbo ni kumi na tatu: herufi A hadi E, namba 1 hadi 8. Tano mara nane ni arobaini. Kila kibonye kina waya mmoja unaokwenda kwenye hasi ya pamoja na mwingine unaokwenda kwenye pini yake. Namba nazipa pini 2 hadi 9, herufi A0 hadi A4. Pini 10 na 11 zinazungumza na DFPlayer. Kwenye waya unaotoka pini 11 kwenda RX ya kidude weka rezista ya omu 1,000, la sivyo utasikia mikwaruzo. Pini ya BUSY ya DFPlayer, inayoonyesha kama kuna wimbo unaopigwa, inaingia A5. Pini 12 ni kibonye cha kuruka wimbo. Pini 13 iache iwashe taa kupitia mosfeti (swichi ya kielektroniki) ya IRLZ44N. Usiifanye ya kibonye, kwa sababu ina taa yake ndogo ndani ya Arduino inayovuruga usomaji.

Mantiki ya programu ni fupi. Mtu akibonya herufi, mashine inaikumbuka kwa sekunde kumi huku taa zikipepesa. Akibonya namba, wimbo unahesabiwa: nafasi ya herufi ukianza na sifuri, mara nane, jumlisha namba. A1 ni 1, B1 ni 9, C5 ni 21, E8 ni 40. Namba hiyo inaingia kwenye foleni. BUSY ikiwa chini, maana yake wimbo bado unaendelea. Ikipanda na kukaa juu nusu sekunde, mashine inachukua wa mbele kwenye foleni. Kila kibonye kipe milisekunde 30 za kutulia, vinginevyo bonyezo moja litahesabiwa matatu.

Nyimbo ziweke kwenye kadi ya microSD isiyozidi GB 32, iliyofomatiwa kwa FAT32, ndani ya folda iitwayo mp3, zikiitwa 0001.mp3 hadi 0040.mp3. Tumia amri inayocheza kwa jina ndani ya folda hiyo, playMp3Folder. Amri ya kawaida ya play hufuata mpangilio ulionakili mafaili, na hapo ndipo wengi hubonya B3 wakasikia mahubiri. Nyimbo arobaini za dakika nne kwa ubora wa kbps 192 hazifiki hata MB 250.

Sehemu ya sarafu? Faranga yetu ni noti tupu, kwa hiyo tundu la sarafu ni pambo. Nimelikata hata hivyo. Watoto hutumbukiza vizibo vya chupa, na mimi hukusanya vizibo.

Majaribio na kelele

Unganisha hasi zote, za betri, amplifaya, Arduino na taa, kwenye boliti moja. Hasi zikitangatanga sehemu tofauti utasikia mvumo unaobadilika kila taa zinapopepesa. Kabla ya kufunga bafle, gusa ncha zake kwa betri ya tochi ya 1.5 V: chanya kwa chanya, ngozi ya bafle inatoka nje. Zote mbili zitoke upande mmoja. Moja ikitoka na nyingine ikirudi, besi itapotea na utalaumu mbao zangu.

Ndani ya chumba cha bafle bandika sponji ya godoro kuukuu kwenye kuta tatu, si zaidi. Kisha weka wimbo wenye besi nzito, pandisha sauti, na upitishe kiganja juu ya sanduku lote, taratibu, kama unayemtafuta mtoto homa. Pale panapotetemeka bonyeza. Mlio ukinyamaza, hapo panahitaji skrubu au kijiti cha ndani. Yangu ilikuwa na mlio mmoja uliokataa kuisha siku nne, nikafungua kila kitu, kumbe ni ule msalaba wa shaba.

Kadi na nyimbo

Kila kadi sentimita 7 kwa 2.5, safu tano, mistari minane, na nafasi ya nusu sentimita kati ya safu. Andika jina la wimbo juu, mwimbaji chini, herufi na namba pembeni. Mashine ya kupiga chapa ya zamani inapendeza kuliko printa. Kadi zangu zilipigwa kwa ile ya baba mkwe ambayo herufi yake ya K iko juu kidogo ya wenzake.

Safu ya A ni ya Katanga: magitaa makavu (yasiyo ya umeme) ya miaka ya hamsini, wakati Mwenda Jean-Bosco na wenzake walipoimba kwa Kiswahili hiki hiki cha kwetu. B na C ni rumba ya Mto Kongo. Ukirekodi kutoka sahani za 45, kumbuka kwamba wimbo mmoja mara nyingi ulikatwa nusu, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule, na sebene (sehemu ya magitaa ya kuchezea) iko upande wa pili. Ziunge kwa programu ya kuhariri sauti kabla ya kuzipa namba. Au zipe B4 na B5, halafu uone nani kati ya wageni anakumbuka kubonya zote mbili.

Mara moja kwa mwezi natoa nyimbo tano na kuingiza tano. Anayetaka wimbo wake uingie lazima ataje upi utoke, mbele ya aliyeuleta. D7 imekuwa hapo tangu siku ya kwanza. Nimejaribu kuitoa mara mbili, na mara zote mbili mama mdogo amekuja mwenyewe kutoka Ruashi kuuliza kadi yake iko wapi.